Sauti ya Mwanamume Chumbani mwa Kizuka

"Bi Kabibi, shikamoo yako nilikupa asubuhi ukaipokea. Sasa niache niseme!" Raihana alikuwa amesimama juu yangu, kidole chake kimefika puani pangu. "Mjukuu wako ana mwanamume chumbani."

"Mtoe basi tumwone. Mwanamume si sindano."

"Alitokea dirishani."

"Dirisha lina nondo, Raihana. Huyo mwanamume ni samaki mkunga wa mwambani, hata apenye kwenye nondo?"

"Cheka! Wewe cheka tu. Mwanangu udongo wa kaburi lake haujakauka, na mkewe ananong'onezana na wanaume ndani ya eda, ndani ya nyumba yangu! Leo hii anatoka. Afunge nguo zake, umrudishe kwenu Takaungu, mkakae huko na uongo wenu."

Mimi nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi, hapo uani kwake mtaani Muyeye, jua limepinda kidogo tu kutoka utosini. Kidole cha Raihana ni kirefu, kingeweza kufika kisiwani kwao Faza bila kupanda boti, lakini sikuacha kukuna. Kando yangu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Zuleikha, jirani wa ukuta mmoja. Alikuja kuazima kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu tulishampa, kiko mapajani, na kuondoka haondoki, asije akapitwa na neno.

Na nyuma ya pazia la chumba cha kati alikuwa Sumeiya. Huyo ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe tangu mamake alipofariki, na sasa ni kizuka, mjane aliye edani, nami nimekuja kukaa naye. Kizuka hatoki nje mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Hajipaki wanja, hajitii manukato, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Na eda yake huikaa nyumbani kwa mumewe, ni haki yake. Ukiona ametolewa katikati, hakuna haja ya kuuliza. Mji mzima utajua sababu kabla begi lake halijapakiwa kwenye gari, na jina lake litaoza kama papa asiyetiwa chumvi. Hilo ndilo nililokuwa nalipigania, nimeshika kifuu cha nazi mkononi.

"Umesikia nini hasa?" nikamuuliza.

"Kila kitu! Zuleikha alisikia mwanzo, akaniita. Tukasimama chini ya dirisha jana baada ya sala ya adhuhuri, watu wamelala. Mwanamume ananong'ona. 'Inama. Subiri. Usitoke bado.' Na mjukuu wako anamjibu, 'Nimetulia, niambie lini.' Eti niambie lini!"

"Na poda, Bibi," Zuleikha akadakia. "Poda ya mtoto, inanukia mpaka kwangu. Kizuka na poda, na mtoto hana."

"Haya! Na wewe mwenyewe, Bi Kabibi, Zuleikha alipokuuliza ile sauti ni ya nani, ulimjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ulisema ni jini wa Takaungu amekuja kuposa!"

"Alivyonitolea macho, alikuwa anataka jini. Nikampa jini."

Zuleikha akageuza uso. Najua alivyoipeleka ile habari. Jini alimwacha njiani, akafika na mposaji peke yake.

Basi nikaona utani umefika mwisho wake, nikaweka kifuu chini, nikasema kweli. Nikawaambia: hakuna mwanamume. Ni gemu. Sumeiya anacheza gemu kwenye simu ya marehemu mumewe, na sauti imo humo humo simuni.

Raihana akapiga kofi. "Gemu! Haya, tuambie na ya chewa."

Ndiyo hukumu yangu hiyo. Miaka yote nimewahadithia watu kwamba mume wangu alimezwa na samaki chewa hapo mkondo wa Takaungu, akatapikwa Kilifi, kofia kichwani na sigara bado inawaka. Wakacheka, wakaomba tena, wakaniletea na halua. Na ya chewa ni kweli tupu, niliyoongeza ni sigara tu. Leo nimeleta kweli isiyo na chumvi hata chembe, hakuna aliyeitaka.

Lakini nyinyi nisikilizeni, maana kisa hiki hakikuanzia dirishani.

Zayd, huyo marehemu, mtoto wa pili wa Raihana, alikuwa fundi wa friji. Kijana mpole, ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Utotoni alikuwa akitoroka chuo cha Kurani kwenda mtaa wa Kisumu Ndogo, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa na televisheni na mashine ya gemu. Palikuwa na gemu moja aliyoipenda kuliko zote. Ni ya mtu anayeingia kwenye majumba yenye ulinzi, bila bunduki ya maana, na kazi yake ni moja, asionekane. Wenzake walipenda za mpira na za kupigana. Yeye alipenda hii ya kunyata. Lakini kibandani unacheza kwa muda uliolipia. Kunyata ni kazi ya subira, na kila mara muda ulimwishia yuko nyuma ya ukuta, anangoja askari ageuke. Alikua mpaka akaota ndevu hajawahi kuona mwisho wake.

Alipokwisha kumwoa Sumeiya, gemu ile ile ikatoka ya simu. Wenye gemu walichukua mashine, na televisheni, na kibanda, na mabati yake, wakavikunja vyote wakaviingiza kwenye kioo cha kiganja. Zayd akanunua simu iliyokwishatumika, ina ufa pembeni, akaja nyumbani anang'aa kama aliyeoa mke wa pili.

Mimi nimeiona ikichezwa nilipokuja kuwatembelea, nawaapia. Vifungo havipo, vimechorwa kwenye kioo. Dole gumba la kushoto linamtembeza yule mtu, la kulia linageuza macho yake. Askari wamejaa, kila mmoja anatoa machoni mwanga wa manjano kama tochi. Ukikanyaga mwanga huo, king'ora kinalia, wanakuja wote kama nyuki. Tabu ya simu ni kwamba dole lako ndilo linalokuficha askari. Unadhani njia nyeupe, kumbe amesimama chini ya ukucha wako. Tabu ya pili ni joto letu hili. Vidole vikitoa jasho vinang'ang'ania kioo, mtu unamwambia apite yeye anabaki. Zayd akapata dawa. Akaweka kopo la poda ya mtoto kando ya kitanda, kila akitaka kucheza anajipaka madole gumba. Poda ni hiyo, Zuleikha. Baada ya Zayd kufa niliinunua mimi mwenyewe dukani, kopo jipya, la kwanza lilipokwisha.

Sumeiya aliitazama ile gemu kwa dharau mpaka siku Zayd aliposhindwa na mbwa. Palikuwa na uwanja wenye mbwa, na mbwa hawadanganyiki na giza, wananusa. Alikufa hapo kwenye gemu mara nyingi mpaka akasusa kula. Sumeiya alikuwa pembeni anashona kofia. Mnaijua kazi ya kofia, tundu moja ukilikosea kofia nzima imekwenda mrama. Akaweka sindano, akasema, "Nipe." Akajipaka poda, akakaa nyuma ya pipa, akakaa, akakaa, mimi nikapika wali ukaiva naye bado yuko nyuma ya pipa. Upepo wa mle ndani ulipogeuka, akapita. Zayd alimbusu mikono mbele yangu bila haya.

Tangu siku hiyo Zayd akawa na ndoto. Alitaka kuwafundisha watu gemu ile kwa Kiswahili, awarushie mtandaoni, maana wanaofundisha wote wanasema lugha za mbali. Simu ilikuwa inajua kunasa picha ya gemu na sauti ya mchezaji pamoja. Alikuwa akirekodi baada ya alfajiri kabla ya kwenda kazini, na alinong'ona, kwa sababu mamake alikuwa amelala ukuta wa pili na hakutaka kumwamsha. Vipande vilikuwa vingi. Hakurusha hata kimoja. Alisema atamaliza gemu kwanza.

Siku ile ya mauti alisahau simu kwenye chaji. Akatoka na pikipiki kwenda kutengeneza friji ya watu Watamu, akakutana na lori la mawe njia ya Gede. Simu ikabaki inajaa moto ukutani.

Edani mle, Sumeiya aliikalia simu ile kama kuku. Hufungua kipande, husikiliza kidogo, halafu hufungua gemu acheze kama alivyoambiwa, halafu hurudi kwenye kipande. "Inama," sauti inasema. Anainama. "Subiri." Anasubiri. Na anajibu, ndiyo, anajibu, mimi nimesikia. Wewe uliye na mume hai huwa humjibu hata akikuita mara tatu.

Kipande cha mwisho kinafika kwenye ghala, kuna ngazi, na askari wawili. Zayd anasema, "Hapa tutaendelea kesho, nachelewa kazini." Basi. Hapo Sumeiya hufunga, akarudi mwanzo. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mbwa uliwapita, askari wawili watakushinda? Panda ngazi uone kuna nini juu."

Akanijibu, "Hawe, nikipanda nitakuwa peke yangu."

Hawe ni bibi, kwa Kigiriama chetu. Sikumwambia tena apande. Nilimwambia jambo lingine. Nikamwambia, "Mpe mamake naye asikie."

Akakaza uso. "Akisikia ataichukua. Amechukua kanzu aliyoniolea. Amechukua saa. Mto wake ameuchukua, Hawe, kwa sababu una harufu ya kichwa chake, mimi nikabaki na godoro tupu. Hii sauti imebaki yangu."

"Ni mamake."

"Baadaye. Eda ikiisha nitampa."

Nami nikarudi jikoni. Kizuka hagombezwi.

Asubuhi ya leo, kabla ya huu ugomvi, Raihana aliingia chumbani akadai simu ifunguliwe mbele yake na mbele ya Mahdi, mwanawe mkubwa. Simu hufunguliwa kwa kuchora alama kwa kidole, na alama anaijua Sumeiya peke yake. Akakataa. Kwa nini akatae? Kwa sababu mle ndani mna picha zake akiwa kichwa wazi, na nguo za ndani ya nyumba, alizopigwa na mumewe, na Mahdi ni shemeji, si maharimu. Alikuwa na haki asilimia mia. Alisema, "Mama, nitakufungulia wewe peke yako, Mahdi asiwepo." Raihana akasikia neno moja tu, kwamba anaficha. Akamnyang'anya simu, akampa Mahdi, "Nenda mjini kwa fundi, aivunje hiyo nywila, leo tutamjua huyo mwanaharamu kwa jina na namba."

Mimi niliposikia hivyo, kusema kweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, na ivunjwe. Picha Mahdi ataziona, haya, tutamlisha kiapo. Lakini ikifunguka watu watasikia, na nitakaa kwenye baraza yao nisubiri radhi niletewe kwenye sinia. Ndiyo maana nilikuwa nakuna nazi pale kwa utulivu, huku nasubiriwa nilie.

"Ngoja simu ije," nikamwambia Raihana sasa. "Simu haina tabia zangu. Haijawahi kusema mtu kamezwa na chewa."

"Ije isije, nilichosikia nimesikia. Nyinyi watu wa barani mnatuona sisi wajinga."

"Sisi watu wa barani ndio tunaowalisha mahindi. Endelea. Huyo mwanamume alisema nini tena? Au ni inama na subiri tu? Mwanamume gani huyo, anakuja kwa mwanamke kumfundisha kurukuu kwenye sala?"

Zuleikha akacheka, akajiziba mdomo kwa kifumbu.

Raihana akapandwa. "Alisema mengi! Alikuwa anapanga njia ya kutorokea, anajua kuna watu wanamlinda. 'Huyu akigeuka, pita.' Huyu ni nani kama si mimi? 'Shika ukuta.' Na mjukuu wako akamuuliza kama ampige, ampige nani, mimi? Akamwambia, 'Hapana, huyo muache. Usimguse. Huyo naye ana...'"

Akasita.

"Ana nini?" nikasema.

"'Huyo naye ana mamake,'" Raihana akasema, polepole, kama mtu anayetafuna wali akakuta jiwe.

Mimi sikusema kitu. Kama nimepata kufanya jambo la busara maishani ni hilo, kutosema kitu.

Zayd alikuwa hawaui askari wa ile gemu. Angeweza, wenzake wote wanaua, ni rahisi zaidi. Yeye anawazunguka. Nilidhani ni mtindo wa kucheza. Sikujua neno lile lilitoka wapi mpaka nilipomwona Raihana anatafuta kitu cha kushika, akashika bega la Zuleikha.

"Alikuwa mdogo," akasema, na hakuwa anasema nami. "Mjusi aliingia jikoni, nikachukua ufagio. Akalishika guu langu. Akaniambia, Mama, usimuue, huyo naye ana mamake. Kila kitu. Panya. Mende. Kila kitu kina mamake. Nikawa namcheka."

"Raihana mwanangu..."

"Nilikuwa chini ya dirisha." Akaelekeza kile kidole chake upande wa dirisha. "Nimesimama chini ya dirisha, na ni yeye, na nikamwita mwanaharamu."

"Alikuwa ananong'ona. Wanaume wakinong'ona wote hufanana."

"Mimi nimemzaa, Bi Kabibi!"

Zuleikha alikuwa analia tayari. Huyo hulia upesi, hata kwenye harusi za watu asiowajua. Lakini Raihana hakulia. Alikwenda mpaka kwenye pazia, akasimama, hakulifunua. Mwanamke aliyeingia mle asubuhi bila hodi, sasa anaomba hodi kwa kitambaa.

"Sumeiya."

Akagusa pazia kwa ncha ya kidole.

"Sumeiya, mwanangu. Sauti zake ziko ngapi?"

Nikasikia kitanda kikilia. Nilidhani hatajibu. Ningekuwa mimi nisingejibu, ningemwacha asimame pale mpaka aote mizizi, na katika mizizi ile ningefunga mbuzi wangu. Lakini mjukuu wangu ana moyo usiotoka kwangu.

"Nyingi, Mama," akasema kutoka ndani. Sauti ilikuwa kavu, haina msamaha ndani yake, lakini ilikuwa ni jibu. "Ziko nyingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungezichukua."

Raihana hakukana.

"Nguo zake nitakurudishia," akasema mwishowe. "Na mto. Wallahi nitakurudishia. Mimi nataka kumsikia tu. Nikae hapo sakafuni, simu ishike wewe. Alama ya kufungulia usinionyeshe. Mara moja tu, Sumeiya."

"Na hapa sitoki?"

"Nani akutoe! Atakayekutoa aanze kunitoa mimi." Akamgeukia Zuleikha. "Na wewe, miguu iliyoipeleka ile habari ndiyo itakayoirudisha, mlango kwa mlango. Umesikia?"

"Nimesikia," Zuleikha akasema ndani ya kifumbu.

Nikaona sasa nipumue. Nikachukua kifuu changu. Tulikuwa tunamngoja Mahdi tu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wote wanne tulikuwa tunamngoja kwa nia moja. Raihana akakaa chini kwenye kizingiti cha chumba, mgongo kwenye pazia, na ndani nikasikia Sumeiya naye anasogea, akakaa upande wa pili wa pazia. Ukitazama, migongo yao ilikuwa inagusana, kitambaa katikati.

"Kuna kipande kimoja anakutaja," Sumeiya akasema. "Unamsikia anaacha kucheza, anasikiliza, halafu anasema, ngojeni, mama anakohoa. Anakaa kimya mpaka unamaliza. Halafu anacheka kidogo, anasema, mama huyu, hata usingizini ana..."

"Ana nini?" Raihana aligeuka kabisa, mikono kwenye pazia. "Anasema nina nini?"

"Hodi!" Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa bega. Sumeiya akanyamaza papo hapo, kwa kuwa shemeji yake ameingia.

Mahdi alikuja mpaka uani anatoka jasho, ameinua simu juu kama aliyeshinda kombe. Kioo kilikuwa kimepanguswa, hata ule ufa ulikuwa unang'aa.

"Mama, imefunguka! Fundi kahangaika nayo. Ile nywila haivunjiki ila kwa kufuta kila kitu kilichomo, basi nikamwambia afute. Sasa ni kama imetoka dukani, haina hata..." Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Mbona mmenyamaza?"